Mengineyo: Tumbo la Mhazini

Mke wangu anaujua mshahara wangu, anazijua soksi zangu zilizotoboka, na anajua kwamba yule rafiki ninayesema amelazwa huwa hajalazwa. Lakini tangu masika yaanze yupo anayenijua kumshinda yeye. Simu yangu inajua nimekula nini na saa ngapi, nimeingia msalani mara ngapi, nimekaa humo muda gani, na nilichokiacha kilikuwa na umbo gani kwa kipimo cha moja hadi saba. Halafu inauliza: "Ulijisikiaje baada ya hapo?" Sisi tulifunga ndoa mbele ya watu na mashahidi, na hatujawahi kuulizana swali hilo.

Nieleze ugonjwa wenyewe, maana wengine mnao na mnauita gesi. Nina tumbo ambalo vipimo vyote vinasema ni zima, isipokuwa lenyewe halijaambiwa. Linanyonga, linaunguruma, linajaa hadi mkanda unaomba radhi; wiki hii choo hakitoki, wiki ijayo hakizuiliki. Nimetibiwa taifodi ambayo nadhani haikuwa yangu. Nimetibiwa amiba zilizoonekana maabara moja zikakosekana maabara ya jirani. Nimekunywa dawa za vidonda vya tumbo alizobakiza mtu mwingine. Shangazi yangu wa Tanga aligundua kwa njia ya simu kwamba ni mchango, akatuma mizizi kwa basi. Flajili nimezimeza hadi kila chakula kikawa na ladha ya chuma, chai ikiwemo.

Mwishowe nikaangukia kwa daktari mtulivu, asiyeandika haraka. Aliniuliza kama naona damu kwenye choo, kama nimekonda bila sababu, kama kuhara huniamsha usiku, kama nina homa au upungufu wa damu, kama kwenye ukoo yupo aliyepata saratani ya utumbo. Kila niliposema hapana, yeye alizidi kufurahi na mimi nikazidi kunyong'onyea, kwa sababu mtu aliyelipia vipimo anataka kionekane kitu. Akasema nina utumbo wenye hasira. Haujatoboka wala kuoza. Una hisia kali mno, na mawasiliano yake na ubongo yana makelele. Kumbe wataalamu wa dunia wana vigezo vyao, vigezo vya Roma, na toleo alilolitumia ni la 2016: maumivu angalau siku moja kwa wiki ndani ya miezi mitatu, pamoja na angalau mawili kati ya haya matatu: yafungamane na kwenda haja, choo kibadilike umbo, safari za msalani ziongezeke au zipungue. Nilikuwa navyo vyote, na chenji juu.

"Kwa hiyo si ugonjwa wa kuua?" nikamuuliza.

"Hauui kabisa."

"Ila unaaibisha."

"Sana," akasema, na hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Programu ilikuja kwa mkono wa mpwa wangu, kijana wa kompyuta asiyeamini kwamba kuna shida ya binadamu isiyopakuliwa. Akanipa na saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo, ambayo yeye alishaichoka. Programu ni ya nje lakini ina Kiswahili chake, na ndani yake kuna mshauri anayekuandikia ujumbe saa zote. Hadi leo sijajua kama ni mtu au mtambo. Iliniuliza maswali mengi kuliko ya hati ya kusafiria, ikazunguka kidogo, ikatangaza kwa maandishi ya kijani: "Mpango huu umetengenezwa kwa ajili yako peke yako."

Mimi sili peke yangu. Sijawahi. Nimezaliwa kwenye sinia, nimekulia kwenye sinia, na hata sahani yangu ya leo mezani ina mikono ya watu watatu kabla haijafika kwangu. Mtu aliyeandika sentensi ile anaishi, nadhani, kwenye nyumba yenye sufuria ndogo moja na mlango unaofungwa kwa ndani.

Kwanza likaja lile suala la namba. Kipimo cha umbo la choo kilitengenezwa Bristol, Uingereza, na kikachapishwa 1997 na Lewis na Heaton. Ni mchoro wa hatua saba: namba moja ni vigololi vikavu vilivyotengana, namba saba ni maji matupu, na namba nne, laini na iliyonyooka, ndiyo inayotafutwa na wanadamu wote wenye akili timamu. Watoto wangu waliujua mchoro ule kabla ya jedwali la saba. Kwa kuwa habari za tumbo la baba hazisemeki mbele ya wageni, zikageuka tarakimu. "Baba leo ngapi?" "Mbili, mwanangu." "Pole."

Dirisha la choo chetu linatazama kijiwe cha bodaboda. Asubuhi moja nilipata nne, nne isiyo na doa, na kwa furaha niliitangaza kwa mke wangu kupitia mlangoni. Kijana mmoja pale nje, ambaye alikuwa anapanga mkeka wake wa kubeti, aliisikia kama sauti kutoka juu. Akaweka magoli manne. Akala hela. Tangu siku hiyo nikitoka nyumbani wanainuka: "Shikamoo mzee. Leo ngapi?" Kuwaeleza ni kujidhalilisha, kwa hiyo huwa nawajibu ukweli. Siku ya namba saba kulizuka mzozo mkubwa kijiweni kuhusu ni ligi gani duniani inayoweza kutoa mechi ya magoli saba.

Kabla hujacheka watu wa Bristol, jua kwamba kupima choo ni elimu iliyopitia hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, yule ambaye kuna saratani ya watoto inayobeba jina lake, alihama kutoka kwenye uvimbe akaingia kwenye choo kwa moyo wake wote. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho: wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kiliwapita kwa muda wa siku moja na nusu hivi, watu wa Jeshi la Majini la Uingereza walitoa karibu gramu 100, na chakula kilikaa ndani zaidi ya siku tatu. Burkitt akazunguka dunia akihubiri nyuzinyuzi, akionyesha picha za choo kwa wasikilizaji waliotoka kula. Nilimsomea mke wangu takwimu hizo kwa fahari yote ya Afrika Mashariki. Aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyekuwa anashika mizani.

Uchungu ni kwamba vyakula vile vile vya fahari yetu ndivyo vilivyonikaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wamepima vyakula vingi wakitafuta aina fulani za sukari ambazo utumbo mwembamba hauzimudu vizuri. Zinateremka zima zima hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa, maji yanavutwa. Kila binadamu hupitiwa na hayo. Mwenye utumbo wa hasira anayasikia. Orodha yenyewe: kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage, mbaazi, maziwa, asali, embe, tikiti. Nilipoisoma nilidhani mtu amekaa jikoni kwa mama yangu akaandika alichokiona. Ndizi ngumu ruhusa, ndizi ikishaiva sana iwe kipande. Wali, ugali, samaki, mayai, karoti na tangawizi, tele. Unajinyima kwa wiki mbili hadi sita, tena ukiongozwa na mtu anayejua lishe, kisha unarudisha kimoja kimoja ujue adui yako hasa ni nani, maana si wote watakuwa adui.

Vyakula vyetu vingine programu haikuvijua kabisa. Niliandika "mlenda", ikanisahihisha kwa adabu: "mlinzi". Ikauliza: kikombe kimoja au viwili? Nikachagua nusu kikombe ili tusigombane. Jioni ikanipongeza kwa kula protini.

Shangazi alifika kutoka Tanga wiki ile ile ya kujinyima, mizizi ikiwa haijafanya kazi na yeye akitaka kujua kwa nini. Alipoambiwa kwamba nyumba hii haipiki kitunguu alikaa chini. Mke wangu, ambaye alishasoma programu kuliko mimi, akamweleza njia ya kutokea: sukari ya kitunguu inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo ukikiokota kitunguu kwenye mchuzi umechelewa, sukari imeshaingia kwenye supu. Lakini ukikikaanga kwenye mafuta matupu, bila nyanya wala tone la maji, kisha ukakitoa chote, mafuta yanabaki na harufu na madhara yanaondoka na kitunguu.

"Nikikaange kiive," shangazi akasema taratibu, "halafu nikitupe."

"Ndiyo shangazi."

"Mwanangu, hawa watu wanakupenda kweli?"

Lakini alisimama akakifanya. Nilikuwa mlangoni, namwona. Alikata vitunguu viwili duara nyembamba, akaviachia kwenye mafuta, akapunguza moto. Vilipoanza kuwa vyekundu pembeni jiko zima likanukia Idi. Akachukua kijiko cha matundu, akavitoa kimoja kimoja, akivikung'uta mara mbili mbili ili mafuta yasipotee, akavilaza kwenye kisahani. Akavitazama. Kisha akavinyunyizia chumvi na kuvila vyote, amesimama, mgongo ametupa sisi. Aliporudi kwenye sufuria alitia nyanya, bizari na samaki, tui kidogo, akaonja, akanyamaza. Shangazi yangu akinyamaza baada ya kuonja ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Kesho yake nilimsikia akimweleza jirani kwamba hiyo ni njia ya zamani ya Pangani. Na alipoambiwa kwamba maharage yakilowekwa usiku na maji yake yakamwagwa hupungua ile sukari yake, alicheka kwa sauti. Hilo, alisema, mama yake alilijua bila chaji.

Sasa njoo barabarani.

Naishi Segerea, nafanya kazi mjini. Mtu mwenye tumbo langu haijui barabara kwa vituo, anaijua kwa vyoo: kuna cha kituo cha mafuta, kuna cha msikitini ambacho unaingia ukiwa na heshima zako, kuna cha baa kisichofunguliwa kabla ya saa nne. Programu nayo ina ramani ya vyoo. Siku moja nikiwa Kivukoni nimebanwa, ilinionyesha choo cha karibu zaidi, mwendo mfupi kwa miguu. Kilikuwa Kigamboni. Ilichora mstari wa buluu ukikata bahari.

Mshauri alikuwa ameniletea mazoezi ya kusikiliza. Yana asili nzuri: mwaka 1984 daktari Peter Whorwell wa Manchester na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 30 walioshindikana kwa dawa, na waliopewa tiba ya hipnosi, ile ya kutulizwa kwa maneno hadi uwe nusu usingizini, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo na vidonge bandia. Mpaka leo ni tiba inayoheshimika. Nami nikaivalia vipokea sauti ndani ya daladala, asubuhi, mataa ya Buguruni, foleni imelala. Nimesimama, kwapa la mtu liko usoni, ndoo ya mtu iko mguuni. Sauti laini ya mwanamke ikaanza: "Vuta pumzi hadi tumboni." Nikavuta kwapa hadi tumboni. "Sasa wazia utumbo wako ni mto. Mto mpana, unaotiririka bila kizuizi chochote."

Nani alimwambia aseme hivyo kwa mtu aliyeko mbali na choo? Mto ulitii. Ulitoka milimani kwa kishindo.

"Shusha!" nikapiga kelele. Konda akaniambia hapa si kituo. Nikamtazama. Akagonga bati mara mbili, gari likasimama katikati ya barabara.

Choo cha kulipia nilikiona kwa mbali, na mlangoni pake mama mmoja kwenye kiti cha plastiki, mbele yake meza yenye karatasi zilizokatwa na boksi la chenji. Bei ya kubwa na bei ya ndogo hazilingani, kwa hiyo kila mteja lazima atangaze nia yake.

"Kubwa au ndogo?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu, mmoja wao kijana wa ofisini kwetu. Nikanyoosha noti ya elfu kumi bila kusema. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia. "Chenji sina, baba. Asubuhi yote hii? Tumia lipa namba." Ikabidi nitoe simu. Vidole vinatetemeka, naandika namba ya siri, na katikati ya tarakimu skrini nzima ikafunikwa kwa rangi ya samawati: "Tumeona mapigo ya moyo wako yamepanda! Kwa kipimo cha 1 hadi 10, una msongo kiasi gani leo?" Nikaifuta. Ikarudi. "Ni vizuri kutokupuuza hisia zako." Nikaweka kumi. "Asante kwa kutuamini. Ungependa zoezi la mto?"

Yule mama aliniangalia kuanzia juu hadi kwenye magoti, ambayo yalikuwa yamekaribiana sana. Akasukuma kopo la maji na karatasi mbili zaidi kuliko stahili yangu.

"Ingia kwanza baba, utalipa ukitoka. Hiyo sura si ya ndogo."

Nimekutana na wahudumu wengi wa afya. Huyu anaweza kuwafundisha.

Na bado hayo hayafikii kikao. Mtoto wa kaka yangu anaoa, kamati imeundwa, na mimi ni mhazini. Mwenyekiti ni baba mdogo. Katibu ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mwanamama mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma kabisa. Kwa sababu ya yaliyotokea kwenye harusi iliyopita ya ukoo, ambayo mhazini wake siku hizi anaishi mkoa mwingine, iliazimiwa kwamba simu inayopokea michango iwekwe mezani na ujumbe wote usomwe kwa sauti. Uwazi na uwajibikaji. Simu hiyo ni yangu.

Alhamisi ile wajumbe walikuwa wengi, soda zimeshagawiwa. Katibu alivaa miwani. "Umepokea shilingi elfu hamsini kutoka kwa Mama Mkubwa, Dodoma." Makofi. "Umepokea shilingi elfu ishirini, ahadi ilikuwa laki." Miguno. Simu ikalia tena, na yeye, kwa mazoea ya miaka mingi ya kusoma chochote kilichoandikwa ubaoni, akasoma kwa ufasaha kamili, silabi kwa silabi:

"Habari za jioni, rafiki! Utumbo wako umeshindaje leo? Hujaandika choo tangu jana. Gusa namba."

Feni la darini likawa ndiyo msemaji pekee. Kisha mzee mmoja upande wa dirishani akauliza kama hiyo ni ahadi au ni taslimu.

Ukoo wetu una sifa moja: hauachi jambo likaelea. Baba mdogo aligonga meza, akasema hili litaingia kwenye mengineyo. Na liliingia. Muhtasari ninao, umepigwa mhuri: *Mengineyo. Tumbo la mhazini. Mhazini alieleza kwa kirefu. Mjumbe kutoka Morogoro alishauri majani ya mpera. Kikao kiliazimia mpishi aandae sahani moja isiyo na kitunguu, gharama iingie kwenye fungu la dharura.* Nilipigiwa kura ya imani nikiwa nimekaa juu ya tumbo lenyewe. Wajumbe wote walinyoosha mikono.

Sasa nitaisema programu kwa haki yake, kwa sababu nimeicheka vya kutosha. Wiki chache baada ya hapo mshauri aliniandikia jambo ambalo hakuna daktari, shangazi wala mzizi uliowahi kuliona. "Nimepitia shajara yako. Maumivu yako makubwa yanakuja Alhamisi jioni, hata wiki ulizokula wali na samaki tu. Alhamisi unakula nini?"

Nikamjibu Alhamisi hatuli. Alhamisi kuna kikao.

Nilirudi nyuma nikaangalia mwenyewe, kidole kikipanda na kushuka kwenye kile kichoro. Kweli. Jumapili ya pilau la shemeji: maumivu mawili kwa kumi. Siku ya chapati za kuiba: matatu. Alhamisi, mchana mkavu bila hata karanga: nane. Utumbo una zaidi ya seli za neva milioni 100, na inaonekana zangu zote zimesomea uhasibu. Zinajua nani ameahidi laki akatuma ishirini. Zinajua ukumbi unadai malipo ya kwanza mwisho wa mwezi. Zinajua yaliyompata mhazini aliyetangulia. Kitunguu kina kesi yake, sikikanushi, lakini kilikuwa kinabebeshwa na za wenzake.

Mshauri akapendekeza niweke mipaka. Nimwambie mwenyekiti kwa upole lakini kwa uthabiti kwamba sina nafasi ya jukumu hili kwa sasa. Nilisoma ujumbe ule nikacheka hadi mke wangu akaja. Nimwambie baba mdogo, aliyenilipia ada ya kidato cha tano, kwamba sina nafasi. Hapo nikajua kwa hakika kwamba mshauri ama ni mtambo ama hana ukoo. Tulichofanya badala yake ni kumwongeza mhazini msaidizi, dada mmoja wa benki anayelala usingizi hata akidaiwa, na michango ikahamia kwenye simu yake. Alhamisi iliyofuata nilikuwa na tano. Iliyofuata, tatu. Kijiweni wakasema mechi zimepoa.

Siku ya harusi nilikaa meza ya kamati nikiwa na amani ambayo sijaijua siku nyingi. Kisha MC, mtu anayelipwa kwa kelele, akashika kipaza sauti: "Chakula kipo tayari! Meza ya kulia ni pilau na nyama, meza ya kushoto ni wali na kuku, na pale mwisho kabisa ni sahani ya mhazini, *haina kitunguu*, naomba isiguswe!"

Watu zaidi ya mia tatu waligeuka. Nilipunga mkono, ningefanyaje.

Kwa vigezo vikali vya Roma, uchunguzi wa nchi nyingi uliochapishwa 2021 ulikuta karibu watu wanne katika kila mia wana hali yangu, wanawake zaidi ya wanaume. Sikuhitaji uchunguzi huo, niliushuhudia kwa macho. Alianza mama mmoja wa upande wa bibi harusi, akapita kwenye meza ile ya mwisho kana kwamba anatafuta leso. Akafuata mzee wa kanisa. Mpiga kinanda. Wajumbe wawili wa kamati walionyoosha mikono siku ile kwa kunionea huruma. Kila mmoja alichota kijiko kimoja tu, cha kuonja, akitazama pembeni. Nilipofika mimi sahani ilikuwa inang'aa, na juu yake kulikuwa na jani moja la bizari lililolala. Mpishi akanipa pilau. Nikala pilau. Lilikuwa tamu kupita maelezo.

Usiku, wakati tunapanga viti, baba mdogo aliniita kando, nyuma ya gari la maua. Alizungumza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata msibani. Alitaka kujua hiyo programu inaitwaje. Si yake, ni ya rafiki. Rafiki huyo anasumbuliwa tangu ujana wake, hasa akiwa na vikao. Nikamwekea kwenye simu yake pale pale, nikamwonyesha pa kugusa, nikamwapia kwamba ni siri.

Asubuhi yake kundi la kamati lilikuwa linapeana hongera na picha. Kati ya picha ya keki na picha ya bwana harusi akiwa amefumba macho, ukaingia ujumbe kutoka kwa Mwenyekiti. Bila shaka alikuwa anaujaribu mtambo, vidole vya wazee ni vizito: "Habari za asubuhi, rafiki! Utumbo wako umeamkaje leo? Gusa namba."

Kundi zima likanyamaza. Baada ya muda katibu akaandika, kwa herufi kubwa za ubaoni:

"WAJUMBE, TUJIBU MMOJA MMOJA. TUANZE NA MWENYEKITI."